Kutoa si Kutengeneza

Fungua boneti ya gari lolote kuukuu linalopita katika barabara zetu, liwe Peugeot 504 au Datsun ya zamani, kisha utazame ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Utaona mahali ambapo mipira miwili midogo ya maji ilipaswa kuingia ndani. Mara nyingi hutaikuta. Utakuta vishina viwili vya shaba vimebaki wazi kama macho ya kipofu, na kipande kimoja cha mpira kimekunjwa na kuunganisha pale maji yanapotoka na pale yanaporudi. Muulize mwenye gari hiyo ni nini. Atakujibu bila wasiwasi: "Hita ilikuwa inavuja, fundi akaitoa. Huku kwetu ya nini?"

Jibu hilo nimelisikia kwa wakulima, kwa madereva, kwa walimu wenzangu, na hata kwa wasomi wenye shahada mbili. Nalipinga. Nalipinga kwa sababu ni la uongo kuhusu hita, na kwa sababu lina tabia ya kuhama kutoka kwenye boneti na kwenda kukaa katika mambo makubwa zaidi.

Mimi si fundi wa magari. Nilisomea ualimu, nikafundisha shule za msingi, nikawa mkufunzi wa sayansi katika chuo cha ualimu, na nikastaafu nikiwa mkuu wa shule. Lakini tangu 1986 ninaendesha Peugeot 504 moja katika nyanda za juu za kusini, na mtu akikaa na chombo kimoja kwa muda wote huo, asipojifunza kitu atakuwa amekataa kujifunza.

Tuanze na kuijua hita yenyewe, kwa maana hatuwezi kuhukumu kitu tusichokijua. Hita ya gari si jiko, wala haina moto wake. Injini inapochoma petroli, ni sehemu ndogo tu ya nguvu inayofika kwenye magurudumu. Sehemu kubwa hugeuka joto. Maji huzunguka ndani ya injini, yakalibeba joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta kubwa ya mbele, ambako upepo huliondoa. Hita ni rejeta ya pili, ndogo, yenye ukubwa wa kamusi, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto hupita humo katika mirija myembamba, feni hupuliza hewa juu yake, na hewa hiyo hutoka ikiwa na joto, ama miguuni mwa abiria ama katika matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Basi. Hakuna kifaa chenye adabu kuliko hicho katika gari zima: hakili petroli, kinakula masazo ya injini.

Sasa tuzikabili hoja za wanaoitoa.

Hoja ya kwanza ni kwamba Afrika ni nchi ya joto. Anayesema hivyo aje Njombe mwezi wa Juni. Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Apande Makete, au afike uwanda wa Kitulo, ulio zaidi ya mita 2,600, aone umande ulivyoganda juu ya majani asubuhi. Na kama hapendi kuja kwetu, aende kwa jirani zetu wa Kenya, apite Limuru au Timboroa alfajiri, halafu aniambie habari za joto la Afrika. Bara hili lina pwani na lina milima. Mtu wa pwani akisema hita haina kazi huku kwetu, nitamuuliza: kwenu wapi?

Lakini hata hilo si kiini cha jambo. Watu hudhani hita iliwekwa ili kuwastarehesha Wazungu miguu. Miguu ni jambo la pili. Kazi kubwa ya hita ni kumwezesha dereva kuona. Wakae watu watano ndani ya gari asubuhi ya baridi, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya mvua. Kila mmoja anatoa mvuke kwa pumzi yake. Mvuke huo ukigusa kioo baridi unageuka matone madogo yasiyohesabika, na kwa dakika chache kioo kinakuwa cheupe kama kimepakwa maziwa. Hewa yenye joto ikipulizwa kwenye kioo hicho, kioo kinapata joto, hewa inaubeba ule mvuke, na njia inaonekana tena. Hii ni sayansi ya darasa la sita. Tumewafundisha watoto wetu juu ya mvuke na mgandamo kwa sufuria na kifuniko, wakaandika mtihani, wakafaulu, kisha wakanunua magari na kung'oa kifaa kinachotumia somo hilohilo.

Baada ya kung'oa, wanafanya nini? Wanafuta kwa kitambaa. Dereva anashika usukani kwa mkono mmoja, kwa mwingine anasugua kioo, naye ameinamia mbele kama mtu anayetafuta sindano. Wengine hupaka sabuni, wengine hupaka kiazi kilichokatwa, wengine tumbaku. Nimewahi kupanda gari ambalo abiria wa mbele alikuwa na kazi rasmi ya kufuta, na kila alipochoka alikumbushwa. Tulikuwa tunateremka mlima wenye kona, upande mmoja ukiwa korongo. Nyuma walikuwamo watoto wanne wa shule. Kitambaa kile ndicho kilichokuwa badala ya hita. Nauliza: kitu cha nusu saa kilichookolewa katika gereji kinalipwa na nani katika kona ile?

Haya, na mtu wa Dar es Salaam au Tanga, asiyepanda milima kamwe, naye aitoe? Bado nasema asiitoe. Hita, nimesema, ni rejeta ya pili. Madereva wa zamani waliopandisha Kitonga na mizigo wakati wa jua kali walijua siri hii: sindano ya joto ikianza kupanda kuelekea kwenye rangi nyekundu, fungua hita hadi mwisho, washa feni yake kwa nguvu zote, fungua vioo. Abiria watatokwa jasho na kunung'unika, lakini joto linalowaunguza wao ni joto lililotoka kwenye injini. Mara nyingi sindano hurudi, na gari likafika juu bila kuchemsha, au angalau likapata nafasi ya kusimama mahali salama. Aliyeing'oa hita yake ametupa msaada huo. Huyo ndiye anayeuhitaji zaidi, maana anaishi kwenye joto.

Hita ina ndugu anayepata mateso yaleyale, naye ni themostati. Hicho ni kilango kidogo kinachokaa katika njia ya maji, chenye kikombe cha nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, kilango hufungwa, ili maji yasiende kwenye rejeta na injini ipate joto upesi. Maji yakifika joto lililopangwa, ambalo katika magari mengi ya zama zile ni karibu nyuzi 82, nta inatanuka na kusukuma kilango kikafunguka. Mafundi wetu huitoa themostati kama mtu anayetoa jiwe kwenye mchele. Sababu wanayoitoa ni ileile: hii ni ya nchi za baridi. La hasha! Injini isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi, hula petroli zaidi, oili yake hubaki na unyevu na kugeuka tope, na silinda huchakaa mapema. Tena kuna injini ambazo, ukitoa themostati, sehemu ya maji hupita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta, na gari ulilotaka lisichemke ndilo linalochemka. Na hita, kama bado ipo, itapuliza hewa ya uvuguvugu tu, ndipo fundi wa pili atasema: "Mzee, hita yako imekufa, tuitoe." Kitu kimoja kikitolewa bila kujulikana kazi yake, humwita mwenzake.

Hoja ya pili ni ya gharama, nayo ni hoja ya watu wazima, sitaidharau. Rejeta ya hita yenyewe si kitu cha bei kubwa. Kinachogharimu ni kuifikia. Watengenezaji waliiweka nyuma ya dashibodi kana kwamba walianza na hita kisha wakajenga gari kuizunguka. Ni kazi ya siku mbili kwa ajili ya kifaa cha kushikwa kwa mikono miwili. Fundi anayelipwa kwa kazi, wala halipwi kwa saa, anaona siku mbili zake zinapotea. Mwenye gari anaona fedha zake zinakwenda mahali pasipoonekana. Wote wawili wana sababu ya kupenda njia ya mkato. Naelewa. Lakini kuielewa sababu si kuikubali.

Miaka kadhaa iliyopita hita yangu ilianza kuvuja. Dalili zilikuwa wazi: zulia la upande wa abiria lilikuwa limelowa ingawa mvua haikunyesha, ndani ya gari kulikuwa na harufu tamu kama ya sharubati iliyochacha, na kila nilipowasha feni kioo kilipata utando wa kunatanata usiofutika kwa kitambaa kikavu. Harufu ile tamu ni ya dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Na niseme hapahapa kwamba ni sumu, isiachwe kwenye beseni mahali ambapo mbwa au mtoto anaweza kuionja. Nikalipeleka gari kwa kijana mmoja fundi, mwenye mikono mizuri na adabu zake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hita inavuja."

Akainama, akachungulia, akainuka akitabasamu. "Hii tunapiga dairekti tu, Mwalimu. Nusu saa unaondoka."

"Na ukungu wa kioo?"

"Utafuta na kitambaa. Wote wanafanya hivyo."

"Hita inafanya kazi gani?"

Akacheka. "Mwalimu, hiyo ni mambo ya Wazungu."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Bosi wangu."

"Naye alifundishwa na nani?"

Kijana akatazama chini, akasema labda ni bosi wake.

Sikumkasirikia, kwa sababu naijua historia ya jibu lile. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi yetu iliingia katika dhiki. Fedha za kigeni hazikuwapo. Spea hazikuwapo. Gari likiharibika, ama fundi alibuni ama gari lilikaa juu ya mawe. Mafundi wa miaka ile walikuwa mashujaa, nami nasema hivyo bila kuwatania. Walichonga, walilehemu, walihamisha kifaa cha gari hili kwenda gari lile. Hita ikitoboka na hakuna nyingine nchi nzima, ufanyeje? Waliiunga mipira moja kwa moja, wakaokoa maji, wakaokoa injini, na daktari akafika kwa mgonjwa wake. Kutoa kule kulikuwa ni kulazimika, na aliyetoa alijua anapoteza nini. Alikuwa akimwambia mwenye gari: "Tukipata nyingine tutairudisha."

Kisha nini kilitokea? Fundi yule alikuwa na wanafunzi wake waliomshikia spana. Waliona mikono yake ikifanya, lakini hawakusikia sababu yake, au waliisikia wakaisahau. Dhiki ilipita, spea zikarudi madukani, lakini kile kilichokuwa dharura kikabaki kuwa ndio ufundi wenyewe. Mwanafunzi alirithi jibu bila kurithi swali. Na yeye alipopata wanafunzi wake, aliwapa jibu lile akiliongezea kejeli: mambo ya Wazungu.

Mtu aliyefundisha walimu hawezi kuliona hilo akanyamaza. Mwaka 1967 tulipewa Elimu ya Kujitegemea, na sisi tuliokuwa vijana wakati ule tuliiamini kwa moyo wote. Maana yake haikuwa kushika jembe tu. Maana yake ilikuwa mtu aelewe vitu vinavyomzunguka ili aweze kuvitawala, asiwe mtumwa wa vitu alivyonunua. Mtu anayeendesha gari asilolielewa, na kung'oa kila kinachomsumbua, hajajitegemea hata kidogo. Anategemea bahati.

Nikamwambia yule kijana: "Hatupigi dairekti. Tutaifungua, mimi na wewe, na siku zako nitakulipa." Alinitazama kama anayemtazama mzee aliyepungukiwa, lakini alikubali.

Nitaeleza tulivyofanya, kwa ufupi, ili asiwepo wa kusema kwamba ni kazi isiyowezekana. Injini ikiwa baridi kabisa, tulimwaga maji kwenye karai. Mipira miwili inayoingia ukutani hatukuivuta. Mpira mkongwe hushikamana na kishina, na ukiuvuta kwa nguvu utakivunja kishina chenyewe. Tuliikata kwa urefu kwa kisu na kuimenya kama ganda la ndizi. Kila waya tuliouchomoa kwenye dashibodi tuliufunga kikaratasi chenye namba, na namba hiyo tukaichora kwenye daftari la shule. Skrubu za kila sehemu tuliziweka kwenye kopo lake. Jioni ya siku ya kwanza gari lilikuwa limefumuliwa kama nguo iliyopelekwa kwa fundi cherehani, na kijana aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Asubuhi ya pili tulilitoa sanduku la hita. Ndani yake kulikuwa na majani makavu, vumbi la miaka, na mabaki ya sponji iliyokuwa ikiziba pembeni ili hewa isitoroke. Rejeta yenyewe, ya shaba, ilikuwa na ukungu wa kijani pembeni. Tuliipeleka kwa fundi rejeta mmoja, mzee wa makamo, akaziba mdomo mmoja kwa kidole, akapuliza kwa mdomo wa pili, huku ameizamisha ndani ya maji. Mapovu yalitoka mahali pengi. Akasema kwamba tundu moja angelilehemu kwa risasi, hata mawili, lakini shaba ile ilikuwa imeliwa ikawa nyembamba kama karatasi. Leo ataziba hapa, kesho itafunguka pale. Huyo ndiye fundi. Alikuwa na sababu ya kuchukua fedha yangu, na aliikataa kwa sababu alijua hali ya shaba.

Ikabidi itafutwe nyingine. Ilipatikana Nairobi, na si ajabu, kwani Kenya iliendelea kuunganisha 504 hadi 2004, zaidi ya miaka ishirini tangu Ufaransa yenyewe ilipoacha kutengeneza saluni zake mwaka 1983. Gari lilipumzika wiki tatu. Ilipofika, hatukuirudisha peke yake. Tuliweka mipira mipya, klipu mpya, koki mpya ya kufungulia maji, na sponji mpya pembeni. Kubadilisha rejeta ya hita na kuacha mpira wa zamani nyuma ya dashibodi ni kujialika kazi ileile mwaka ujao. Tulijaza maji taratibu, koki ya hita ikiwa wazi ili hewa iliyonaswa ipate kutoka, tukawasha injini, tukasubiri. Nikamwambia kijana ashike mipira yote miwili. Wa kwanza ulipata moto. Baada ya muda, wa pili nao. Kisha akawasha feni, akaweka kiganja chake juu ya tundu la kioo, akanyamaza. Tangu aanze ufundi hakuwahi kuiona hita ya 504 ikifanya kazi.

Hapo nikamwonyesha jambo lingine, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Tuliipasua ile rejeta ya zamani kwa msumeno. Mirija yake ilikuwa imejaa tope la kutu na magamba meupe ya chokaa. Vitu hivyo havikutengenezwa na hita. Vilitoka katika injini na katika maji tuliyokuwa tukijaza, maana mimi nililinunua gari hilo mkononi mwa mtu, na walionitangulia walijaza maji ya mto. Hita, kwa kuwa mirija yake ni myembamba, ndiyo inayoziba kwanza na kutoboka kwanza. Ni shahidi. Inakuambia kwamba maji yako ni machafu, kwamba injini inaliwa na kutu kwa ndani, kwamba rejeta kubwa itafuata na silinda hedi nyuma yake. Anayeitoa hita na kufurahi kwamba uvujaji umekwisha ni sawa na mwalimu mkuu anayemfukuza shule mtoto aliyekuja kumwambia kuwa paa linavuja. Kelele zimekwisha, paa je?

Ndiyo maana napinga pia dharau iliyopo dhidi ya ile dawa ya kuchanganya na maji, kulanti. Watu husema ni ya kuzuia barafu, na kwa kuwa hatuna barafu, tujaze maji matupu. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Kazi zake nyingine ni kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Huku kwetu juu, kwenye mita 2,000, maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, wala hayafiki 100. Kwa hiyo mtu wa milimani, kwa sababu hiyohiyo ya mwinuko, ana haja kubwa ya kuwa na kifuniko kizima cha rejeta chenye kushika mgandamizo, na mchanganyiko mzuri ndani yake. Badala yake tunatia maji ya kisima, na yakivuja tunatia yai bichi na unga wa pilipili ili kuziba tundu. Yai huziba tundu, ni kweli. Huziba na mirija mizima pia.

Hoja ya tatu hunifikia mara nyingi kwa njia ya utani: "Mwalimu, gari lenyewe limezeeka, hita mpya ya nini?" Hii nayo naikataa. Peugeot 504 ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na kabla yake 404 ilishinda mara nne, mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, ikiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania. Magari hayo hayakushinda kwa kupunguzwa vifaa kimoja baada ya kingine hadi yakabaki magurudumu. Yalishinda kwa sababu kila kilichokuwamo kilifanya kazi yake. Gari halizeeki kwa miaka. Huzeeshwa na vitu vilivyotolewa visirudishwe: leo hita, kesho themostati, keshokutwa breki ya mkono, kwa kuwa kuna jiwe la kuzuia tairi. Mwisho wake mwenye gari husema Peugeot ni gari bovu. Peugeot gani? Aliyo nayo si ile iliyotoka kiwandani. Ni kile kilichobaki.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, wala si utajiri. Walikuwa wanasema juu ya mkono unaompa mwenye shida. Mkono unaochomoa kitu kizima na kukitupa chini ya benchi haukutajwa katika methali ile.

Nilipokuwa namlipa yule kijana siku zake, nilimwambia kwamba sasa anajua, na asimpigie dairekti mteja mwingine bila kumweleza anachopoteza. Akanijibu neno ambalo bado nalifikiria: "Mwalimu, si sisi. Wateja wenyewe ndio wanaotaka dairekti. Nikimwambia siku mbili, anaenda gereji ya pili."

Alikuwa na haki. Ufundi mbaya una mnunuzi wake, na mnunuzi ni sisi. Sisi ndio tunaosimama pembeni ya gereji tukitazama saa, tukimsifu fundi kwa wepesi, bila kumuuliza hata swali moja. Sisi ndio tunaolipa furaha kwa kumaliza upesi na kulipa manung'uniko kwa kumaliza vema. Kisha tunakaa barazani na kulalamika kwamba mafundi wa siku hizi hawana elimu. Wangeipata wapi, na kwa faida ya nani, ikiwa kila anayejaribu kuitumia anakimbiwa na wateja?

Kwa hiyo sina ombi kwa serikali katika jambo hili, wala sidai semina. Ombi langu ni kwa mwenye gari. Fundi akikuambia, "tuitoe", usikubali wala usikatae mpaka umemuuliza maswali matatu. La kwanza: kifaa hiki kinafanya kazi gani? La pili: kimeharibika kwa sababu gani? La tatu: kikiondoka, kazi yake itafanywa na nani? Akikujibu yote matatu, umepata fundi; mwamini, na mlipe siku zake. Asipoweza kujibu la kwanza, mshukuru kwa adabu, funga boneti yako, uondoke.

Na walimu wenzangu mlio bado kazini, niliowafundisha na nisiowafundisha, msiishie kwenye sufuria na kifuniko. Mkifika somo la mvuke, watoeni watoto nje hadi kwenye gari la mtu yeyote aliyekaribu, hasa asubuhi ya baridi. Waingie watano, wafunge vioo, wapumue, watazame kioo kinavyokuwa cheupe. Kisha muwaulize wao kinachohitajika ili dereva aone njia.